Mstari wa Muhindo Ulikuwa Unapanda

Kavira, mwanangu,

Umekwenda Bulengera kumuaga bibi yako, na najua hatakuachilia kabla hujala. Donc, basi, nina mchana huu. Nyumba imetulia, maharagi yako juu ya moto, nami nimekaa mlangoni penye mwanga. Kesho asubuhi gari litakuchukua mpaka Kasindi, na kutoka pale mjomba wako atakuvusha kwenda Kampala. Mambo ya blanketi na sabuni, na ya kutoongea na kila mtu njiani, shangazi zako wamekwambia mpaka umechoka. Sitayarudia. Nataka kukuandikia juu ya Muhindo.

Najua hupendi jina hilo litajwe. Mimi pia sikulitaja. Tumelima pamoja, tumefua pamoja, tumelala chini pamoja siku risasi zilipopita juu ya mabati yetu, na hatukulitaja. Nilidhani kunyamaza ni kukupumzisha. Sasa naona nilikuachia peke yako mzigo ambao haukuwa wako.

Lakini nianze nyuma kidogo, ujue nilikuwa mtu gani wakati ule.

Baba yako alipouawa njia ya Mangina, akirudi na kahawa ya watu, ulikuwa unanitazama sana. Ulikuwa unangoja nilie. Wanawake walilia mpaka sauti zikakauka, mimi nikawa nagawa chai. Watu walisema, huyu mama ana nguvu. Haikuwa nguvu. Ilikuwa ganzi. Umewahi kukalia mguu muda mrefu, ukaushika, ukajua ni wako lakini hausikii kitu? Nilikuwa hivyo mwili mzima. Matanga yalipoisha nilirudi kazini kesho yake, na wewe nikakurudisha shuleni siku ileile. Ulisimama pale karibu na ndoo ukasema, "Mama, siwezi bado." Nikakujibu, "Vaa viatu." Sikukupa hata siku moja. Nilifikiri mtu akiweza kutembea basi hana neno.

Ndivyo nilivyokuwa kazini, kwenye kituo cha lishe, siku zile watu walipokuwa wanafika wakikimbia vita kutoka Oicha na Mabalako, vitanda na kuku kichwani, wengine bila kitu. Walifikia kwa ndugu, walifikia shuleni, walifikia kwa watu wasiowajua. Walikuwa wamezoea kula samaki na maharagi yao wenyewe. Hapa Butembo wakawa wanakula unga wa muhogo na maji ya sombe, yale majani ya muhogo. Kila Jumatatu foleni ilianza mlangoni kwetu ikazunguka nyuma ya soko. Mimi nilikuwa mtu wa mizani. Nilimvalisha mtoto ile suruali ya kuning'iniza, nikamtundika, nikasoma kilo, nikaandika. Jioni nilileta karatasi nyumbani kwa mfuko, tukazichora mimi na wewe mezani: kila mtoto na mstari wake, kila juma nukta moja. Anayepanda anapona. Anayeshuka anaitwa haraka apewe maziwa. Tulichora mpaka macho yakauma.

Ni wewe uliyesema, "Mama, hii kazi ordinateri ya paroisse inaweza kuifanya."

Mwalimu Kakule alikuwa amewafundisha ninyi wanafunzi kidogo kwenye ile kompyuta moja ya paroisse, pale kanisani, zamu kwa zamu, jenereta ikiwa na mafuta. Nilikuuliza inawezaje. Ukachukua maharagi niliyokuwa nachambua ukayapanga juu ya meza.

"Inaitwa boucle, Mama. Ni kurudia. Unakamata juma ya kwanza, unaipima na ya pili. Halafu ya pili na ya tatu. Mpaka zinaisha. Halafu unakamata mutoto mwingine, unaanza tena."

"Haichoki?"

"Hapana. Haichoke."

"Na inajuaje nani wa kuita?"

"Katikati ya kurudia njo tunaweka 'kama'. Kama kilo zimeshuka, inaandika jina ya mutoto." Ukaweka kidole juu ya haragi la mwisho. Kisha ukaniuliza. Nakumbuka vizuri sana kwamba uliniuliza: "Na kama hazikushuka, Mama? Ifanye nini?"

Nikasema, "Ipite."

Kavira, hili ndilo nililotaka ulishike mkononi kabla hujapanda gari. Ulikuwa na miaka kumi na sita na ukauliza swali lililotakiwa. Mimi niliyefanya kazi ile miaka mingi, niliyejua, nilijibu bila kuinua kichwa kwenye maharagi.

Uliiandika. Mwalimu Kakule alikusaidia kwenye mistari ya kwanza, kisha akakuacha. Mara ya kwanza mashine ilizunguka kwa mtoto mmoja bila kutoka, ukalia, yeye akakuonyesha kwamba hukuiambia imalizie wapi. Mara ya pili iliandika majina yote. Mara ya tatu ikawa sawa. Ulikuja mbio mpaka kituoni na ile karatasi ndefu yenye matundu pembeni, majina ya walioshuka, na siku ile watoto walipata maziwa yao kabla jua halijapanda. Muuguzi mkuu alikupa mkono kama mtu mzima. Nilipaswa kufurahi. Nilijua ni jambo la kufurahia, kama mtu anayesoma kwenye karatasi kwamba leo ni sikukuu.

Sasa nikwambie nilichofanya baada ya hapo, maana hukukiona.

Kabla ya mashine yako, kila mtoto niliyemshusha kutoka kwenye mizani nilimshika mguu. Nilibonyeza kidole gumba juu ya unyayo wake, nikahesabu taratibu, nikaachia. Kama shimo likibaki, mguu una maji, mtoto ana bwaki, yaani unyafuzi. Ndivyo nilivyofundishwa nikiwa msichana, na yule mama aliyenifundisha alikuwa akisema mizani haijui kutenganisha nyama na maji. Lakini foleni ilikuwa ndefu na mikono yangu ilikuwa imechoka, na sasa kulikuwa na karatasi inayoniambia nani wa kumtazama. Nikaanza kuwashika miguu wale wa kwenye karatasi tu. Baadaye hata hao nikawashika nikikumbuka. Hakuna aliyeniamuru niache. Mashine ilichukua swali moja kutoka kwangu, na mimi nikaacha maswali yote.

Mama Muhindo alikuwa amepewa kile chumba cha nyuma kwa jirani yetu. Unakumbuka alivyofika, na nguo ya kuazima, na yule mtoto wake mgongoni. Mashamba yao ya kakao yalikuwa upande wa Oicha na mume wake alibaki huko kuyalinda, habari zake hazikufika. Muhindo alikuwa anaanza kusema. Alikuwa anakuita "Vila". Majuma ya kwanza mstari wake ulikuwa chini, umelala. Kisha ukaanza kupanda.

Ulikuwa na furaha kiasi kwamba ulimchukua mama yake mpaka paroisse. Mwenyewe alinisimulia. Alisema uliwasha, ukabonyeza, nukta zikatokea moja moja mpaka zikawa mstari, na yeye akaufuata na kidole kwenye kioo.

"Hii njo mutoto yangu?"

"Njo yeye. Ona, anapanda."

Alirudi akicheka, amefunika mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona meno.

Jumatatu iliyofuata aliniambia pale kwenye mizani, "Mama Kavira, sandale ya Muhindo haimuingie tena."

Nikasema, "Anakomaa tu." Nikaandika kilo. Zilikuwa zimeongezeka. Nikaita, mwingine.

Sandali ilikuwa mkononi mwake. Nilikuwa na mguu wa mtoto mbele ya goti langu. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, kwa sababu hakuna zaidi. Sikuwa na hasira wala haraka isiyo ya kawaida. Sikuwepo tu.

Jumatatu nyingine tena kilo zikapanda, mashine ikapita. Jirani alisema mtoto hachezi tena, anakaa ukutani, nywele zimekuwa nyekundu kama za mahindi. Mama yake aliona uso umejaa akamshukuru Mungu. Akamleta siku isiyo ya mizani, mvua ikinyesha, kwa sababu ngozi ya mapaja ilikuwa inabanduka. Nikamweka juu ya meza, nikabonyeza unyayo. Shimo likabaki, nikalitazama. Niliona lingeweza kushika maji ya mvua.

Tulipanda pikipiki watatu mpaka hospitali. Walifanya yote niliyoyajua. Muhindo alikufa asubuhi iliyofuata, wanawake wakifagia uwanja nje ya dirisha.

Yaliyobaki unayajua, lakini niyaandike kama nilivyoyaona mimi. Ulikuja kutoka shuleni ukiwa bado na sare. Mama Muhindo alikuwa amekaa kwenye mkeka, wenzake wamemshika mabega. Alikuona. Hakukasirika. Alikuuliza kama mtu anayeuliza njia:

"Lakini Kavira, mustari ilikuwa inapanda."

Ulisimama. Ulinitazama mimi. Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo mbele ya wale wanawake wote na kusema, ni mimi niliyesema ipite. Nilikwenda kuleta maji. Niliporudi ulikuwa umeondoka.

Jioni ile Mwalimu Kakule alikuja mpaka hapa mlangoni, kofia mkononi. Akasema umekwenda paroisse, umeomba ufunguo, umefuta kila kitu, umemrudishia ufunguo. "Mama, sijue nimwambie nini," alisema. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kama Muhindo alipanda kwa maji, ni wangapi wengine wanapanda?

Namshukuru mtu yule mpaka leo kwa swali lile. Halikuniamsha, sitaki kukudanganya kwamba niliamka. Lakini nilisimama nikaenda kukutafuta.

Ulikuwa kitandani, umegeukia ukuta. Nikasema, "Andika tena."

"Siandike tena, Mama. Hata siku moja."

"Kuna watoto wengine wanapanda kama yeye. Siwezi kuchora mistari yao yote kwa mkono kabla ya kesho kutwa. Andika. Mara hii uniulize, nami nitafikiri kabla ya kujibu."

Ulivaa sweta. Siku iliyofuata hukwenda shule na mimi sikukwenda kazini. Tulikaa paroisse, wewe kwenye mashine, mimi pembeni kwenye kiti cha kwaya, karatasi zote magotini. Mwalimu alitafuta mafuta ya jenereta sijui wapi. Upande wa Beni kulikuwa na mingurumo, na kila iliposikika kioo kilitetemeka kidogo, na wewe hukugeuka.

Uliuliza, na sauti yako haikuwa na kitu ndani: "Kupanda namna gani ni mubaya?"

Nikafikiri. Nikakwambia mtoto anayekula muhogo mtupu hawezi kuongeza nyama upesi. Kwa juma moja anaongeza kidogo, kama ngumi, si kama kichwa. Ukaniomba kilo kamili. Nikakupa, kisha nikasema hapana, ngoja, mtoto mdogo na mtoto mkubwa si sawa. Ukafuta. Tukagawa kwa uzito wao. Uliuliza, na kama juma moja hakuja? Na kama alipimwa na nguo zilizolowa? Kila swali lako lilikuwa dogo na gumu, na mengi nilikuwa sijawahi kujiuliza tangu nianze kazi. Nilijibu moja moja. Mengine nilikwambia, sijui.

Mwisho ukasema, "Lakini mashine haione miguu. Hata nikiandika namna gani, haitaona."

"Basi isiseme mtoto ni mgonjwa. Iandike jina, halafu iandike: kaguse."

Ndivyo ulivyoandika. Kama ameshuka, aitwe. Kama amepanda kupita kiasi hiki, KAGUSE MIGUU. Na kwa waliobaki, pale nilipokuwa nimesema ipite, ulinitazama ukangoja. Nikasema na hao pia nitawagusa, Jumatatu, wote, mmoja mmoja, karatasi iseme isiseme. Ulilitoa neno lile ukaacha nafasi tupu.

Majina yalitoka machache. Tulikwenda nayo kwa miguu, pikipiki zilikuwa zimejificha kwa sababu basoda, wale askari, walikuwa wanazikamata. Nyumba ya kwanza mtoto alikuwa amenenepa kweli. Baba yake alikuwa amepata kazi ya kuchinja mbuzi, nyama ilikuwa nyumbani. Mama yake alituogopa akadhani tumekuja kumnyang'anya. Nyumba ya pili vilevile hakukuwa na kitu. Nilikuona unaanza kukata tamaa. Nyumba iliyofuata ilikuwa ile nyuma ya duka la muuza chumvi, na Kyakimwa alikuwa amekaa kwenye kizingiti, macho yamefumbika kwa uvimbe, na mama yake akasema, karibuni, mumuone alivyokuwa munene.

Nilikuambia wewe umbonyeze. Ulikataa, nikaushika mkono wako nikauweka. Sijui kama ilikuwa haki kukufanyia hivyo. Uliachia kidole, shimo likabaki, ukamfunga mgongoni mwako mwenyewe na kitenge cha mama yake, na ukatembea mbele yangu mpaka kituoni bila kupumzika.

Kyakimwa aliishi. Wengine wawili tuliowakuta na shimo waliishi. Unakumbuka juma lile mstari wa Kyakimwa uliposhuka sana na wewe ukaja umepauka, ukidhani anakufa, na muuguzi mkuu akacheka akakwambia ni maji yanatoka, kushuka huku njo kupona. Uliketi sakafuni pale pale. Na mmoja, wa familia ya Mabalako, hatukumpata. Walikuwa wamerudi kwao siku mbili kabla, barabara ikafungwa. Jina lake alikuwa Kambere. Nalitaja usifikiri nimelisahau, wala kwamba nakusimulia habari iliyokwisha vizuri.

Umemwambia mjomba wako utasoma commerce, mambo ya biashara, si informatique, mambo ya kompyuta. Nilikuwa nyuma ya pazia nikasikia. Hukunitaja, hukumtaja Muhindo, ulisema commerce ina kazi nyingi. Ni kweli, ina kazi. Siandiki kukubadilisha. Ukisoma commerce nitafurahi, kwa kadiri ninavyofurahi. Nataka tu usichague kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa lako. Ulinijengea kitu kilichofanya sawasawa nilivyosema. Kosa lilikuwa katika nilivyosema.

Na jambo moja jingine, kwa kuwa najua umerithi hali yangu. Nakuona. Siku hizi unajibu "haina neno" kabla mtu hajamaliza kuuliza. Huko Kampala utakuwa mbali na risasi, na huenda hapo ndipo utakapogundua kwamba husikii kitu, wala furaha wala huzuni, na utaogopa. Usiharakishe kujitengeneza. Mimi nilijidai mzima kwa kufanya kazi, na watu walinisifu. Kama kuna mtu mmoja huko unayemwamini, mwambie, leo siko. Mimi sikumwambia mtu. Ningemwambia muuguzi mkuu, labda angeniondoa kwenye mizani majuma mawili, na mtu mwenye macho angeona ile sandali. Labda. Sitakuandikia kama najua.

Mama Muhindo amerudi Oicha. Mume wake alipatikana hai, amekonda, na wanajaribu kuokoa miti iliyobaki. Jana alikuja Butembo sokoni, tukakutana. Niliyasema yote hapo, kati ya mafungu ya ndizi: kwamba uliniuliza, na nilichojibu. Nilikuwa nimengoja sana, na yalitoka kwa maneno machache. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba. Alirekebisha mzigo wake begani. Halafu akauliza, "Na Kavira, iko anakula?"

Nikasema unakula kidogo, na unasafiri kesho kutwa. Akafungua mfuko wake. Zile karanga ulizozikuta kwenye begi lako ukadhani ni zangu, ni zake.

Nasikia mbwa wa jirani, labda ni wewe unarudi. Nimalize.

Kesho sitakufikisha kwenye kituo cha magari kama mama wengine. Ni Jumatatu, na wamama wanafika mapema. Lakini gari litapita mbele ya mlango wetu pale kituo cha lishe, ile barabara ni mbovu na dereva hupunguza mwendo. Utaniona nimeinama, mtoto wa mtu mbele yangu. Nitakuwa nabonyeza, siwezi kuachia kabla ya muda wake, kwa hiyo sitapunga mkono. Usidhani sijasikia gari. Niite kwa nguvu, mara mbili ikibidi. Nitainua kichwa.

Mama yako